Bembea Iliyowagawa Wasomaji: Kisa cha Riwaya ya The Thief Lord

Aliyesoma The Thief Lord akaipenda, na aliyeisoma akaiweka kando, mara nyingi wanataja sehemu ile ile. Ni pale ambapo hadithi ya watoto watoro waliojificha kwenye sinema iliyofungwa, huko Venice, inageuka kuwa hadithi ya bembea ya kuzunguka yenye uwezo wa kumfanya mtoto awe mtu mzima na mtu mzima awe mtoto. Wa kwanza anasema hapo ndipo kitabu kilipomnasa. Wa pili anasema hapo ndipo kilipomtoka. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na nimekisoma kitabu hiki pamoja na watoto. Msimamo wangu ni kwamba ugomvi wa bembea hauamuliwi kwenye sura za bembea. Unaamuliwa mwanzoni kabisa, pale mke na mume wanapoingia ofisini kwa mpelelezi na kumweleza kwamba kati ya watoto wawili waliotoroka, wao wanamtaka mmoja.

Nitaeleza kisa chote mpaka mwisho. Ambaye hajakisoma na anapenda kushtukizwa, akakisome kwanza.

Mwandishi ni Cornelia Funke, Mjerumani aliyezaliwa Dorsten mwaka 1958. Kitabu kilitoka Ujerumani mwaka 2000 kwa jina la Herr der Diebe. Oliver Latsch alikitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002, na mwaka uliofuata tafsiri hiyo ikapata tuzo ya Batchelder, ambayo chama cha maktaba cha Marekani hutoa kwa kitabu bora cha watoto kilichotafsiriwa. Filamu yake ikafuata mwaka 2006. Sisi huku wengi tumekisoma kwa Kiingereza. Kuna jambo moja kuhusu Funke ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu lina uzito katika kesi hii: kabla hajawa mwandishi alisomea elimu, akafanya kazi ya ustawi wa jamii na watoto waliolelewa katika maisha magumu. Baadaye akawa mchoraji wa vitabu vya watoto, na michoro ya kitabu hiki ni ya mkono wake mwenyewe.

Sasa kisa. Prosper ana miaka 12, mdogo wake Bo ana mitano. Mama yao amefariki Hamburg. Esther Hartlieb, dada wa marehemu, na mumewe Max hawana mtoto, nao wako tayari kumchukua Bo kwa sababu ni mdogo na sura yake ni kama ya malaika wa kwenye picha za kanisani. Prosper hawamtaki. Yeye apelekwe kwingine. Prosper anamshika mdogo wake mkono, wanatoroka, na mji wanaoukimbilia ni ule ambao mama yao alizoea kuwasimulia habari zake: Venice, mji wa mifereji, wenye simba wenye mabawa na farasi wa shaba juu ya kanisa la San Marco. Huko wanaokotwa na genge dogo la watoto wa mitaani. Kuna Hornet, msichana anayependa vitabu. Riccio mwenye nywele zilizosimama kama miiba. Na Mosca, kijana mweusi mwenye mapenzi makubwa na mashua yake. Wanaishi kwenye sinema iliyofungwa iitwayo Stella, na anayewalisha ni Scipio, mvulana wa umri wao anayevaa kinyago cheusi chenye mdomo wa ndege na viatu vyenye visigino virefu, na kujiita Bwana wa Wezi. Scipio huleta vitu vya thamani, watoto huvipeleka kwa Barbarossa, mwenye duka la vitu vya kale ambaye ni mbahili na laghai, wakapata hela ya kula.

Kisha inakuja kazi kubwa. Mzee mmoja anayejulikana kama Conte anakutana nao ndani ya San Marco, akizungumza kutoka kwenye kiti cha maungamo asionekane uso, na kuwapa kazi ya kuiba bawa la mbao nyumbani kwa mpiga picha Ida Spavento. Lile bawa ni la simba. Simba ni mmoja wa wanyama wa mbao wanaopandwa kwenye bembea. Hapo ndipo wasomaji wanapoanza kutengana.

Wanaolalamika wana hoja ya kweli. Zaidi ya nusu ya kitabu inapita bila uchawi wa aina yoyote. Kuna njaa, kuna baridi ya Novemba, kuna mpelelezi Victor Getz anayefuga kobe wawili na kubandika masharubu ya bandia, kuna kufukuzana vichochoroni. Msomaji ameshajiwekea akilini kwamba anasoma hadithi ya dunia hii hii, yenye polisi, kodi ya nyumba na mikate ya kununua. Halafu, bila hodi, anaambiwa kuna bembea iliyokuwa mali ya kituo cha yatima cha masista, kwamba ilibadilisha umri wa waliopanda, kwamba iliibiwa na bawa la simba likabaki nyuma. Habari hizi zinamwagwa kwa mkupuo mmoja, Ida akisimulia na watoto wakisikiliza. Msomaji anayehisi kwamba sheria za mchezo zimebadilishwa kipindi cha pili hajakosea kuhisi hivyo. Kuna dalili chache sana mapema za jinsi bembea inavyofanya kazi, na hilo ni pungufu la ufundi, sitalitetea.

Lakini hoja yao inavuka mpaka pale wanaposema kwamba uchawi umebandikwa kwenye hadithi isiyouhitaji. Rudi mwanzoni uangalie wahusika wanavyovaa. Scipio anavaa visigino ili aonekane mrefu. Victor, mtu mzima, anabadilisha uso kila anapotoka. Prosper ana miaka 12 naye anafanya kazi ya baba: anahesabu hela, anapanga chakula, anamlaza mdogo wake, na ni yeye anayemkazia Barbarossa kwenye bei mpaka laghai yule anaongeza. Karibu kila mtu wa maana katika kitabu hiki anaigiza umri usio wake muda mrefu kabla bembea haijatajwa. Bembea inakuja kufanya kwa mwili kile ambacho walikuwa wakikifanya kwa nguo na kwa uongo.

Na uchawi wenyewe haukutolewa mbali. Simba mwenye mabawa ni nembo ya Venice. Amesimama juu ya nguzo kando ya maji, amechongwa milangoni, yumo kwenye bendera. Simba wa mbao aliyepoteza bawa moja, kwa mtu anayeujua mji ule, ni kitu cha kwao kilichovunjika. Hata kituo cha yatima kina mizizi. Kwa karne nyingi Venice ilikuwa na taasisi kubwa za kulea watoto walioachwa, na maarufu kuliko zote ni Ospedale della Pietà, ambako mtunzi Vivaldi alianza kufundisha muziki mwaka 1703 na wasichana waliolelewa pale wakawa wapigaji waliosifika Ulaya. Funke angeweza kuiweka bembea yake kwenye kasri la mfalme. Aliiweka kwa yatima, na nadhani alijua anachokifanya.

Ugomvi wa pili ni mkali zaidi, nao ni kuhusu Scipio. Inagundulika kwamba Bwana wa Wezi si yatima wala mwizi. Ni mtoto wa tajiri, Dottor Massimo, na vitu alivyokuwa akileta kama mali ya wizi alikuwa akivitoa nyumbani kwa baba yake. Hata ile sinema ni ya baba yake. Riccio na Mosca wanahisi wamechezewa: wao wanalala njaa kweli, kumbe mwenzao anarudi kwenye shuka safi. Wasomaji wengi wanasimama upande wao, na wengine hawamsamehi Scipio mpaka mwisho. Mimi namwelewa zaidi kuliko hao. Baba yake anamtazama kama kitu kilichowekwa pasipostahili, anamdharau mbele ya watu, na mtoto aliyelelewa hivyo akipata mahali anapoitwa bwana atadanganya ili asipapoteze. Uongo wake uliwalisha wenzake. Hata hivyo Riccio ana haki ya hasira yake, na Funke anaiacha hasira ile ikae bila kuwalazimisha wapatane haraka.

Conte anawalipa kwa noti bandia. Scipio na Prosper wanavuka usiku kwenda kisiwa cha Isola Segreta, anakoishi Conte, kudai haki yao, na huko wanakuta Conte na dada yake Morosina wameshapanda bembea na kurudi utotoni. Hawa wawili walikuwa watoto watumishi ambao hawakuwahi kucheza, wakazeeka, na sasa wameuchukua utoto walionyimwa. Scipio anasema malipo yake yawe kupanda. Anapanda mvulana, anashuka mwanamume.

Ukiwauliza watoto, wengi wanashangilia. Amemshinda baba yake, hakuna wa kumwamrisha tena. Ukiwauliza watu wazima waliosoma kitabu hicho hicho, wanakaa kimya kidogo kisha wanasema wamemhurumia. Miaka ile yote imekwenda kwa mizunguko michache. Hatakuwa na ujana. Hatajifunza polepole yale ambayo mtu hujifunza akiwa na miaka 15, 18, 22. Wenzake waliokuwa rika lake sasa anawaangalia kutoka juu, nao wanamwangalia kama mgeni. Nimeona watu wakigombana juu ya hili kana kwamba upande mmoja haukusoma vizuri. Pande zote zimesoma vizuri. Kitabu kinazungumza lugha mbili kwa wakati mmoja hapa, na ni jambo ambalo vitabu vichache vya watoto vinaliweza.

Lawama yangu ni nyingine. Baada ya Scipio kushuka, Funke anaenda mbio mno. Scipio anapata kazi kwa Victor, anakuwa mpelelezi, anaonekana kufurahia masharubu yake halisi, na hasara yake tunaiona kwa kuchungulia tu. Sura moja ya Scipio peke yake chumbani, usiku wa kwanza ndani ya mwili ule, ingetosha kuwanyamazisha wote wanaosema mwisho ni mwepesi. Haipo, na wanaolalamika hapa nipo nao.

Ila kwa kumkodolea macho Scipio, wasomaji wengi wanampita mtu aliyesimama pembeni ya bembea bila kupanda. Prosper ndiye aliyekuwa na sababu nzito kuliko wote. Scipio alitaka ukubwa ili aondokane na baba yake. Prosper aliuhitaji ili asinyang'anywe mdogo wake. Wakati huo polisi wameshavamia sinema na Bo yuko mikononi mwa Esther. Kama Prosper angeshuka na miaka thelathini, Esther angemwambia nini? Anasogea, anasita, habaki na muda, na bembea inakwenda bila yeye. Wasomaji kadhaa wamemwita mwoga, na wengine wanalalamika kwamba ni mhusika mwenye wasiwasi tu asiye na mvuto. Mimi naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kitabu. Angepanda, Bo angempata mlinzi na kumpoteza kaka. Esther alitaka kuwatenganisha kwa kuweka nchi kati yao. Bembea ingewatenganisha kwa kuweka miaka. Prosper ametoroka kutoka Hamburg hadi Venice ili yeye na Bo wabaki kama walivyo, wawili, mmoja mkubwa kidogo na mmoja mdogo. Kusita kwake ni kitu kile kile kilichomfanya atoroke.

Ndiyo maana nikasema kesi iko kwa Esther. Tulipokuwa tukisoma sura za mwanzo kwenye kikundi chetu cha vitabu, kijana mmoja wa darasa la sita aliinua mkono kabla sijamaliza ukurasa. "Mwalimu, Prosper alikosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. "Sasa kwa nini yeye hawamtaki?" Wenzake wakaanza kumjibu kwa pamoja: ameshakua, anakula sana, atamkumbuka mama yake, hawezi kufundishwa upya. Walikuwa na majibu tayari. Hakuna hata mmoja aliyeona jambo hili ni la ajabu au la Ulaya.

Na hapo msomaji wa Kiswahili anakuja na kitu ambacho sijaona maoni ya wengine yakikigusa. Huku kwetu, matanga yakishaanuliwa, au arobaini ikishapita, ukoo unakaa. Wanahesabu watoto walioachwa. Huyu atakwenda kwa baba mdogo Morogoro, yule shangazi wa Tanga atamchukua, wa mwisho abaki na bibi. Mara nyingi wanaoamua hivyo wana machozi machoni. Hawana nyumba ya kuwatosha wote, mshahara ni mmoja, na kila mmoja anajitolea kubeba anachoweza. Watoto wanakaa nje kwenye baraza wakisubiri kuitwa, na hakuna anayewauliza. Wako watu wazima leo waliopoteza ndugu zao wa tumbo moja katika kikao kama hicho, bila kifo kingine chochote kutokea.

Kwa hiyo tunapomsoma Esther, sisi hatushangazwi na kugawanya. Tunachokiona haraka ni kigezo chake. Hakugawanya kwa sababu ya uhaba. Ana pesa, anakaa hoteli, anaajiri mpelelezi. Amechagua kwa sura. Bo anapoanza kulia, kuchafua na kukataa, malaika akawa mtoto wa kawaida mwenye msiba, Esther anaamua kwamba hata yeye hamtaki tena. Wasomaji wanaosema Esther amechorwa mbaya kupita kiasi wana haki, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko la bembea kuchelewa. Mwandishi aliyewahi kufanya kazi na watoto wenye shida na walezi wao anawajua ndugu wa aina nyingine: wanaopenda, wanaoshindwa, wanaogawanya watoto kwa nia njema. Angeweka Esther mmoja wa namna hiyo, swali la Prosper lingekuwa gumu kweli. Kumkimbia mtu mkatili ni rahisi kuelewa. Kumkimbia mtu mwema aliyeamua vibaya kungewasumbua watoto na wazazi wao kwa wiki nzima.

Kuna malalamiko mengine madogo. Wazazi wengine hawapendi kwamba watoto wanaiba na hawaadhibiwi. Nawaomba wasome tena wanavyolipwa kwa wizi huo, noti bandia tupu. Mosca ndiye mtoto mweusi pekee kwenye genge, na amepewa mashua, uaminifu na maneno machache. Watoto wetu wanamtafuta katika kila sura na wanamkosa mara nyingi mno. Filamu ya 2006 inaonyesha Venice vizuri, ila haina nafasi ya yale mabishano ya ndani ya Prosper, ambayo ndiyo moyo wa kitabu.

Linabaki suala la Barbarossa. Mbahili huyu anaifuata siri mpaka kisiwani, anapanda akitaka kupunguza miaka kidogo tu, anashuka mtoto mdogo, na bembea inaharibika. Hakuna tena wa kupanda wala wa kurudi. Esther, aliyekwisha kumkataa Bo, anamwona mtoto huyu mwenye adabu za kuigiza na sura nzuri, anampenda papo hapo na kumchukua. Wasomaji wadogo wanacheka mpaka machozi. Laghai na mchagua sura wamepatana. Barbarossa anaanza kuiba ndani ya nyumba ile ile, na mwishowe Esther anampeleka shule ya bweni, ambako anaendelea na tabia zake na kulitwaa jina la Bwana wa Wezi.

Wapo wanaoona mwisho huu ni mtamu kupita kiasi, kila mtu amepewa anachostahili. Nafikiri wanaangalia nyumba ya Ida tu, ambako Prosper, Bo na Hornet wamepata vitanda na mtu mzima anayewasikiliza. Wahesabu na ambao hawamo. Riccio na Mosca wameikataa nafasi ile. Wamekwenda kujitafutia mahali pao upande wa Castello na kuendelea kuishi wanavyojua, kwa sababu mtoto aliyejilea kwa muda mrefu hawezi kurudishwa chini ya paa la mtu kwa kuandaliwa kitanda. Scipio anakuja kama mgeni, mtu mzima anayebisha hodi kwa rafiki zake wa zamani. Morosina na ndugu yake wamebaki kisiwani, watoto wawili wasio na mlezi. Funke amewapa makao watoto watatu kati ya wote aliowaleta mbele yetu, na wale wengine amewaacha mitaani na kisiwani kwa hiari yao, bila kuwarudisha kwa nguvu. Kwa mtu aliyefanya kazi aliyoifanya, hiyo hesabu haikumponyoka.